Waya wa Ardhi

Alikuja Jumanne, mvua ikimtiririka ukingoni mwa kofia,
Eleuterio Millacura, mvuna kome wa Achao,
akasema tu: "Inakata tena."
Hakusalimu. Mara ya tatu hiyo, salamu zilikuwa zimekwisha.

Ikiwa gatini, mashine inakoroma kama paka aliyeshiba.
Mizunguko elfu moja, elfu mbili, hata kikohozi hakuna.
Ukivuka elfu tatu, nje ya ghuba,
mawimbi yanapoanza kuipiga boti tumboni,
silinda moja inanyamaza, inarudi,
halafu nyingine inashika zamu ya kunyamaza,
kama watoto wa darasa moja wanaomchezea mwalimu mgeni.

Tulianza na plagi. Kila mtu huanza na plagi.
Kisha koili, mbili mpya na moja ya kuazima.
Kisha mafuta: niliyamimina kwenye chupa ya jamu,
nikayaweka dirishani usiku kucha yajitenge na maji;
kulipokucha yalikuwa masafi kuliko dirisha lenyewe.
Mwisho kisanduku cha umeme, kile cheusi,
kisichofunguka, kisichosema,
ambacho bei yake ni kome wa wiki sita.
Alinilipa kwa noti zenye harufu ya mwani.
Nilizihesabu mbele yake. Hilo nalikumbuka.

Na bado inakata.

Usiku ule nilifunga banda, nikazima taa,
nikaiwasha mashine ndani ya pipa la maji,
nikazinyunyizia nyaya kwa chupa ya kufutia vioo,
nikingoja kuona cheche ya buluu ikitoroka.
Giza. Giza tupu na moshi.

Nikachukua mita. Ncha moja kwenye bloku,
nyingine kwenye bamba linalobeba koili.
Sifuri nukta mbili. Salama.
Nilikuwa nimeshaanza kuikunja mita
nilipolipiga bamba ngumi, kwa hasira tu, si kwa ujuzi,
mkono mwingine ukiwa bado umeshika ncha,
na namba zikaruka: nne, kumi na tisa, hakuna, mbili.

Bahari yote hii, maji mpaka upeo wa macho,
na umeme bado unadai ardhi yake.
Usipoupa pa kutua, hauruki.

Nikafungua boliti. Chini yake, rangi.
Ya kijivu, laini, tabaka mbili, bila hata tone lililochuruzika.
Rangi yangu.
Agosti iliyopita nililikwangua kutu bamba lile,
nikalipaka hadi nikamwita dada yangu Nolfa aje alitazame,
kisha nikafunga waya juu ya rangi
bila kukwangua kiduara kimoja, cha ukubwa wa kifungo cha shati.
Miezi yote ile umeme ulipita kwenye nyuzi za boliti,
kama mgeni aliyekuta mlango umefungwa akaingilia dirishani,
hadi chumvi ikaja kuziba na dirisha.

Kikulacho ki nguoni mwako;
na nguo hii niliishona mwenyewe.

Msasa. Grisi kidogo. Boliti.
Dakika nne. Wiki sita za kome.

Ningeweza kusema ni chumvi.
Huku kwetu chumvi husingiziwa kila kitu, haina wakili.
Asubuhi nilimwonyesha kile kiduara cha chuma kinachong'aa.
"Hapa," nikasema. "Ni mimi."
Nikamrudishia noti zilizobaki,
nikamwandikia zilizotumika kwenye karatasi, na tarehe.
Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia ndani ya kofia.
Hakusema kitu. Alisukuma boti.
Nilisimama mvuani nikiisikiliza: elfu tatu,
elfu nne, hadi ng'ambo ya ghuba,
sauti moja, haikukatika.

Kila Ijumaa alikuwa akiniachia gunia la kome mlangoni.
Ijumaa ile niliamka kabla ya jiko, nikachungulia.
Si gunia. Ndoo.
Nusu ndoo,
na maji ya bahari ndani yake bado yanatikisika.